Mértola: Kanisa Lenye Mihrabu Kando ya Mto Guadiana

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tusemavyo watu wa pwani. Lakini wako wageni ambao walipokuja, wenyeji hawakupona. Mwezi wa Julai mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida, zilizotumwa na Mfalme Manuel wa Ureno, zilitia nanga Kilwa. Askari wakateremka, mji ukaporwa, na ngome ikaanza kujengwa ufukoni. Ngome hiyo ilijengwa upya baadaye katika zama za Waarabu wa Omani, lakini jina lake hata leo ni Gereza. Wataalamu wa lugha hutueleza kwamba neno hilo limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Utotoni nilivuka kwa mashua mara nyingi kwenda Kisiwani, nikaokota vigae vya vyungu vya kale mchangani, na kusimuliwa na wazee habari za mwaka ule. Kwa hiyo nilipojaliwa kuitembelea Ureno, sikwenda na moyo mkunjufu. Nilitaka kuona nyumbani kwa watu wale kukoje. Sikupenda kuanzia Lisbon, penye makaburi ya mabaharia na majengo ya kuwasifu. Nilichagua mji mdogo ulio mbali na bahari, kando ya Mto Guadiana, karibu na mpaka wa Hispania. Mji huo unaitwa Mértola, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Lisbon msafiri huelekea kusini-mashariki, akaingia katika jimbo la Alentejo, ambalo maana ya jina lake ni ng'ambo ya Mto Tejo. Ni nchi ya tambarare na vilima vifupi, yenye mashamba ya ngano, mizeituni, na ile mialoni ambayo gome lake huambuliwa ili kutengenezea vizibo vya chupa. Mti ukishaambuliwa shina lake huwa jekundu kama ngozi iliyochubuka, na huachwa miaka tisa mpaka gome jipya likomae. Nyumba ni nyeupe kwa chokaa, nazo zimepigwa mistari ya buluu au ya manjano kuzunguka milango na madirisha. Jua huko ni kali mno; katika miezi ya Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 40, na mtu mwenye hiari yake atachagua kwenda mwezi wa Aprili au Mei, wakati maua ya porini yamechanua.

Baada ya mji wa Beja ardhi huanza kuwa kavu na ya mawe. Kisha ghafla barabara huteremka, na Mértola huonekana juu ya mwamba mrefu, mahali ambapo kijito cha Oeiras huingia katika Guadiana. Kuta za mji zimeshikamana na jabali kiasi kwamba jicho halitambui jiwe la Mungu linaishia wapi na la fundi linaanzia wapi. Juu kabisa ipo ngome. Chini yake kanisa jeupe. Chini zaidi nyumba zimepangana kama ngazi. Na mwisho kabisa ni mto.

Mto huo ndio uliouzaa mji. Kutoka baharini mpaka hapo ni takriban kilomita 70, na kujaa na kupwa kwa maji ya bahari huhisika mpaka hapo. Lakini juu yake miamba huzuia vyombo kuendelea. Ikawa lazima mizigo ishushwe Mértola. Warumi waliuita Myrtilis, Waarabu wakauita Martula. Hata jina la mto lina historia: Guadiana ni neno la Kiarabu wadi, yaani bonde la mto, likaunganishwa na Ana, jina la mto lililokuwapo kabla ya Waarabu.

NYUMBA MOJA, DINI MBILI

Nilipanda kwanza kwenda kanisani. Mlangoni palikuwa na kibao chenye neno lile lile, igreja, nami nikacheka peke yangu, maana nilikuwa naingia gerezani kwa hiari yangu.

Ndani nilisimama kimya. Kanisa hilo, linaloitwa la Bibi Maria wa Kupashwa Habari, si refu kama makanisa mengine ya Ulaya. Ni karibu mraba, limegawanyika safu tano, na paa lake limebebwa na msitu wa nguzo. Mtu aliyewahi kuingia katika Msikiti Mkuu wa Kilwa, akapita kati ya nguzo zake, hahitaji kuelezwa. Mwili wake utatambua kabla ya akili. Nilizunguka altare, na nyuma yake, katika ukuta wa kusini-mashariki, nikaiona mihrabu, na juu yake nakshi za matao zilizochongwa kwa chokaa. Milango minne ya kale yenye matao ya umbo la kwato la farasi ingali mahali pake.

Jengo hilo lilijengwa kuwa msikiti katika karne ya 12, wakati wa watawala wa Kialmohadi waliotoka Morocco. Mwaka 1238, enzi ya Mfalme Sancho wa Pili, mashujaa wa Kikristo wa Chama cha Santiago waliuteka mji. Hawakubomoa msikiti. Waliuweka wakfu kuwa kanisa, wakaendelea kuutumia. Takriban miaka 270 baadaye, mnamo 1509 au 1510, mchoraji Duarte de Armas alitumwa kuzichora ngome za mpakani, na katika picha yake ya Mértola jengo hilo linaonekana likiwa bado na mnara wake wa kuadhinia. Aliyemtuma alikuwa Mfalme Manuel yule yule. Fikiri, ndugu msomaji: wakati askari wa mfalme huyo walipokuwa wamekaa Kilwa ndani ya ngome yao, katika mji wake mwenyewe watu wake walikuwa wakisali chini ya mnara wa Kiislamu.

Katika karne hiyo ya 16 paa lilijengwa upya kwa matao ya mawe, na baadaye mihrabu ikafunikwa isionekane. Ni mafundi wa karne ya 20, walipokuwa wakilikarabati jengo, ndio walioibua tena mihrabu na milango ile. Hapo wangeweza kufunika tena, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya utawala wa kidikteta uliopenda kujisifu kwa ushindi dhidi ya Waislamu. Lakini waliacha wazi.

Nilisimama mbele ya mihrabu nikakumbuka jambo dogo la jiografia. Kwetu Kilwa kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Hapa ni upande wa kusini-mashariki. Mafundi wa miji hii miwili hawakujuana hata kidogo, mmoja ukingoni mwa Bahari ya Hindi na mwingine karibu na Atlantiki, lakini kila mmoja aliuelekeza ukuta wake kwenye nyumba ile ile.

TABAKA JUU YA TABAKA

Juu ya kanisa ipo ngome, na mnara wake mkuu wenye urefu wa karibu mita 30 ulikamilishwa mwaka 1292. Karibu nayo imesimamishwa sanamu ya mtu aliyepanda farasi. Si sanamu ya mtekaji wa Kikristo, bali ya Ibn Qasi, shehe wa Kisufi aliyeongoza maasi dhidi ya watawala wa Kialmoravidi mwaka 1144, akaifanya Mértola makao yake, na akauawa mwaka 1151. Mji wa Wakristo umempa heshima shehe aliyeshindwa. Jambo hilo pekee lingetosha kumfikirisha mgeni.

Lakini lililonishangaza zaidi liko kwenye uwanda kati ya ngome na kanisa. Hapo wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mtaa mzima wa wakati wa Kialmohadi. Misingi ya nyumba imejipanga kama ramani: ua wa katikati, vyumba kuuzunguka, jiko, ghala na choo chenye mfereji wake. Aliyezoea nyumba za kale za Lamu au Unguja atazijua mara moja, kwa sababu ni nyumba zilizojengwa kwa kufuata haya ile ile: mlango wa nje haumwoneshi mpita njia yaliyomo ndani.

Chini ya mtaa huo zilipatikana sakafu za Kikristo za karne ya 6, zilizonakshiwa kwa vijiwe vya rangi, na hodhi la kubatizia lenye pande nane. Chini yake tena ipo njia ya chini ya ardhi ya Kirumi, yenye urefu wa mita 32, ambayo wenyeji wa zama za Kiislamu waliigeuza kuwa birika la maji. Na juu ya nyumba za Waislamu, baada ya kutekwa mji, Wakristo walizika maiti wao. Wote hao wako mahali pamoja, mmoja juu ya mwenziwe, kama shuka zilizokunjwa sandukuni.

Hivyo ndivyo ilivyo Mértola nzima. Ukiingia katika jengo la halmashauri ya mji, ambako raia huenda kulipa kodi, utateremka ngazi na kukuta misingi ya nyumba ya Kirumi. Nje ya kuta, palipokuwa na kanisa la kale sana, yamewekwa mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kilatini na Kigiriki. Jiwe moja linamtaja Andreas, kiongozi wa waimbaji wa kanisa la Mértola, aliyefariki mwaka 525 akiwa na umri wa miaka 36. Baada ya karne chache Waislamu nao walizika wafu wao katika kiwanja hicho hicho.

Katika makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, yaliyofunguliwa mwaka 2001, nilitazama kwa muda mrefu bakuli lililochorwa paa akishambuliwa na mbwa na kipanga. Rangi zake, na ule mng'ao wa vigae vingine vilivyowekwa karibu yake, vilinirudisha kwenye mchanga wa Kisiwani. Si mbali na hapo ipo karakana ambamo akina mama hufuma mablanketi ya sufu kwa vitanda vya mfumi vya mbao. Nakshi zao ni za pembe na mistari, ndugu wa nakshi za Waberberi wa Morocco, ingawa wafumaji ni Wakristo kwa karne nyingi.

MZEE WA GATINI

Jioni niliteremka mtoni. Hapo yamesalia mabaki ya mnara wa kale, nguzo nene za mawe zilizoingia majini, ambazo zamani zilikuwa zikilinda gati. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi akitazama maji. Kireno changu ni cha kuokota, nilikipata nilipokuwa nikifanya kazi Maputo, lakini kilitosha kwa salamu. Aliniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu kuwa nimetoka Tanzania.

Alinyamaza, kisha akatamka neno moja: "Ruvuma."

Akanieleza kuwa alichukuliwa jeshini mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 21, akapelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. "Nilikaa miaka miwili upande wa pili wa mto wenu," alisema. "Tulikuwa tunatazama ng'ambo, tukijiuliza watu wa kule wanatuwazia nini."

"Mzee," nikamwambia, "sisi nasi tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo."

Sikumficha. Nilimkumbusha kwamba mabomu ya vita vile yaliwaua na kuwalemaza wakulima wa upande wetu, watu wasio na silaha. Nilimwambia pia kuwa wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, walikuwa jirani zetu na wageni wetu, na kwamba tulisherehekea uhuru wao wa tarehe 25 Juni 1975 kama vile ni wetu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Baba yangu alikuwa mchimba madini," akasema. "Mgodi ulipofungwa alikwenda Ufaransa kutafuta kazi. Mimi nikapewa bunduki nikalinde ardhi isiyokuwa yangu, na hapa nyumbani hata shimo alilochimba baba halikuwa lake."

Kisha akanyoosha mkono kuelekea juu, kanisani. "Mle ndani nilibatizwa. Ile mihrabu tuliiona tangu utotoni, lakini hakuna aliyetwambia ni nini. Tulifundishwa kuwa Wamori walikuwa maadui, wakafukuzwa, basi. Mpaka walipokuja wale waliochimba ndipo tukajua kuwa waliokaa katika nyumba zile walikuwa wazee wetu."

Mkono alionipa wakati wa kuagana ulikuwa mgumu, mkono wa mtu aliyefanya kazi.

MGODI ULIOFUNGWA NA MJI ULIOAMKA

Mgodi aliousema mzee uko São Domingos, kilomita 17 hivi kutoka mjini. Kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1966, kampuni ya Kiingereza ya Mason and Barry ilichimba hapo madini ya shaba na salfa. Mawe yalibebwa kwa reli mpaka bandari ndogo ya Pomarão, yakapakiwa melini na kuteremshwa na mto mpaka baharini. Wakubwa waliishi katika majumba yenye bustani. Mchimbaji na familia yake waliishi katika chumba kimoja, katika safu ndefu za vyumba vilivyofanana. Leo shimo kuu limejaa maji mekundu kama damu yenye sumu ya asidi, na karakana ni magofu. Chumba kimoja cha mchimbaji kimehifadhiwa ili wajukuu waone.

Mgodi ulipokufa watu walihama. Wilaya ya Mértola, yenye kilomita za mraba karibu 1,300, ilibaki na watu wapatao 6,000 katika hesabu ya mwaka 2021. Mji wa namna hiyo, usio na kiwanda wala bandari, ulikuwa na haki ya kukata tamaa.

Kilichouokoa kilianza na mabadiliko ya siasa. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, waliuangusha udikteta. Kwa maneno mengine, mapambano ya Waafrika yalisaidia kumfungua minyororo Mreno wa kawaida. Miongoni mwa waliorejea makwao alikuwapo Cláudio Torres, mwanahistoria aliyekuwa ameishi uhamishoni kwa kuupinga utawala ule. Mwaka 1978, kwa mwaliko wa meya wa Mértola, Serrão Martins, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, Torres alianza kuchimba chini ya ngome. Hakuchimba kutafuta dhahabu wala makaburi ya wafalme. Alitafuta masufuria, taa, mifupa ya chakula, na mifereji ya vyoo. Yaani maisha ya watu wa kawaida. Akaionesha nchi yake kuwa wakulima na mafundi wa Kiislamu hawakufukuzwa wote. Wengi walibaki, wakabadili dini, wakawa Wareno.

Vijana wa mji walifunzwa kazi ya kufukua, kuchora na kutengeneza vyombo vilivyovunjika. Mwaka 1991 Torres alipewa Tuzo ya Pessoa, mojawapo ya tuzo kubwa za nchi hiyo. Tangu mwaka 2001 mji umekuwa ukifanya tamasha la Kiislamu kila baada ya miaka miwili, katika mwezi wa Mei. Vichochoro hufunikwa kwa vitambaa, wafanyabiashara wa Morocco hutandika bidhaa zao, na harufu ya viungo hufika mtoni. Na si kwamba Uislamu huko ni habari ya kale tu. Waislamu wengi wa Ureno ya leo ni watu wenye asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau, waliohamia huko baada ya uhuru wa nchi hizo.

NILICHORUDI NACHO

Usiku wa mwisho nilikula mkate, zeituni na samaki wa mtoni, nikawa nahesabu maneno mezani. Mafuta waliyoyaita azeite ni neno la Kiarabu. Sukari waliyoiita açúcar ni ndugu wa sukari yetu. Nayo meza niliyoegemea, na leso ya mke wangu mfukoni mwangu, ni maneno tuliyoyapata kwao. Maneno yamesafiri pande zote, wala hayakuomba ruhusa ya mfalme yeyote.

Je, kinyongo changu kiliisha? Nitasema kweli: yaliyotendeka Kilwa mwaka 1505 yalikuwa uovu, na hakuna mihrabu inayoweza kuyafuta. Lakini nilikuwa nimemchukulia Mreno kuwa ni yule aliye melini tu, mwenye mzinga. Sikuwa nimemfikiria aliyebaki nyuma, akifuma blanketi lenye nakshi za bibi yake Mwislamu, akichimba shaba ya mtu mwingine, akimtoa mwanawe kwenda kufa kwenye Ruvuma.

Tena niliona aibu kidogo kwa upande wetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kabla ya kazi kubwa ya kuyaokoa. Ni wangapi kati yetu tuishio mijini tumewapeleka watoto wetu kuyaona? Tunapanda basi kwenda kwetu kwa harusi na matanga, tunapita Nangurukuru, hatuteremki. Mértola, mji wa watu wachache waliofungiwa mgodi, umejifunza kuishi kwa kukitunza kila kilichoachwa na waliotangulia, mshindi na mshindwa pamoja.

Likizo ijayo, nikijaliwa, nitavuka na wajukuu wangu kwa mashua kwenda Kisiwani. Nitawaonesha Msikiti Mkuu, na nguzo zake, na mihrabu inayotazama kaskazini. Kisha nitawapeleka Gereza, tuketi kivulini mwa ukuta wake, niwasimulie habari za mzee mmoja aliyeketi kando ya mto mwingine.